Kadi ya grafiki kwa MSFS 2024 na X-Plane 12: RTX 3060 12GB, RTX 4060, RX 9060 XT au RTX 5060 Ti?

Mwewe_255
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kubadilisha kadi ya grafiki kwa ajili ya simyuleta za ndege, Microsoft Flight Simulator (MSFS) 2024 na X-Plane 12. Mashine ni Ryzen 5 3600, madabodi ya B450, RAM 16GB, GTX 1660 Super ya 6GB, pawasaplai ya wati 550 na monita ya 1440p. Juu angani hakuna shida, lakini nikikaribia Heathrow au Dubai picha inakatakata, na kwenye X-Plane tekscha (picha zinazofunika ardhi na majengo) zinaingia ukungu. Ninazolinganisha ni RTX 3060 ya 12GB iliyotumika, RTX 4060, RX 9060 XT ya 16GB na RTX 5060 Ti ya 16GB. Nichukue ipi?

fundi_soketi
Mkuu, kabla ya kutoa hela jiridhishe kwamba kinachokwamisha ni kadi, maana simyuleta za ndege huibebesha prosesa mzigo kuliko gemu nyingi. Kwenye MSFS washa Developer Mode, kisha fungua kihesabu cha FPS (fremu kwa sekunde). Kikiandika "Limited by MainThread", prosesa imeelemewa. Kikiandika "Limited by GPU", ni kadi. Hapo hapo utaona VRAM (kumbukumbu ya kadi) iliyotumika na kikomo chake. Pima ndege ikiwa imeegeshwa getini, si ukiwa futi 35,000 ambako hakuna cha kuchora zaidi ya mawingu.

X-Plane: nenda Data Output, mstari wa Frame rate, weka tiki ionekane ndani ya chumba cha rubani. Linganisha cpu time na gpu time, iliyo kubwa ndiyo inayokuchelewesha.

Huo ukungu umeshajieleza. VRAM ikijaa, X-Plane hupunguza yenyewe ukubwa wa tekscha. 6GB kwa 1440p ni kidogo.

Kipanga
4060 itoe kwenye orodha. Ina 8GB, halafu inatumia njia 8 tu za PCIe (mlango unaounganisha kadi na madabodi). B450 yako ni PCIe 3.0, kwa hiyo njia 8 zinapitisha takriban GB 8 kwa sekunde, nusu ya ambazo zingepita kwenye njia 16. VRAM ikiwa inatosha, hutaona tofauti kubwa. Ikijaa, tekscha zinahamia kwenye RAM ya kawaida, na kila ukigeuza kamera lazima zirudi kupitia mlango huo mwembamba. Ndiyo maana watu wanalalamika kwamba FPS zinaporomoka ghafla wakati ndege iko futi 500 inakuja kutua.

3060 ya 12GB inatumia njia 16 na kumbukumbu inatosha, ila nguvu zake ni za 2021. Ukiinunua angalia kwa programu ya GPU-Z: iandike 12GB na basi ya kumbukumbu ya biti 192. Kuna toleo la 8GB lenye biti 128 ambalo ni dhaifu zaidi, na maboksi yanafanana.

Kwa madabodi yako ningeenda RX 9060 XT ya 16GB. Njia 16, wati 160 kwa vipimo vya AMD, na ilitangazwa kwa dola 349 dhidi ya 429 za 5060 Ti ya 16GB. Hiyo 5060 Ti nayo ni njia 8, ila 16GB zake hazijai kirahisi, kwa hiyo kasoro hiyo haiumi kama kwenye 4060.

Anga_Bluu
Kipanga, kwenye bei nakubali, kwenye MSFS sikubali. Anayerusha ndege zenye vyombo vya skrini, A320 au 737 MAX, anasoma tarakimu ndogo muda wote. DLSS 4 (teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha iliyochorwa ndogo) inaziacha zikiwa safi kuliko FSR ya zamani, mwenzake wa AMD, ambayo huacha kivuli nyuma ya namba za mwinuko zinapozunguka. FSR 4 imepunguza tatizo hilo na 9060 XT inaiweza, lakini hakikisha kwanza kama inaweza kuwashwa kwenye simyuleta unayotumia. Halafu DLSS inaweza kuongeza fremu za kuzalishwa (zinazobuniwa na kadi yenyewe) hata prosesa ikiwa ndiyo imekwama. Usukani hautakuwa mwepesi zaidi, ila picha inalainika. Mimi nasema 5060 Ti, na ile ya 16GB tu.

Kipanga
Kwa MSFS peke yake, hoja yako ina uzito. Kwa X-Plane 12 DLSS haimsaidii, kule kuna FSR tu. Mwewe akichukua AMD, awashe chaguo la Zink kwenye mipangilio ya grafiki; linatafsiri OpenGL kwenda Vulkan, ambazo ni njia mbili tofauti za kuiamuru kadi ichore. Programu-jalizi nyingi bado zinachora kwa OpenGL wakati simyuleta yenyewe ni Vulkan, na bila Zink skrini zinaweza kumetameta.

Mwewe_255
Nimepima. Getini Heathrow inaandika MainThread na VRAM imejaa. Porini inaandika GPU.

fundi_soketi
Basi una matatizo mawili, na kadi itatibu moja. Punguza Terrain LOD (undani wa ardhi inayochorwa) na idadi ya ndege za AI, vyote hivyo vinakula prosesa. RAM ifikishe 32GB, ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa MSFS 2024. Ukipata Ryzen 7 5700X3D, inaingia kwenye soketi yako ya AM4, na kache yake (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 inasaidia sana kwenye viwanja vikubwa. Sasisha BIOS (programu ya msingi ya madabodi) *kabla* ya kung'oa 3600, la sivyo madabodi haitaitambua prosesa mpya. Fanya hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kusasisha, madabodi inaweza isiwake tena.

Kwa bajeti moja: 9060 XT na RAM sasa, prosesa baadaye. Chenji ya kutochukua 5060 Ti inakusogeza kwenye hiyo prosesa.

Tandika_PC
Nyongeza kwenye ufungaji. Futa draiva za NVIDIA kwa programu ya DDU ukiwa Safe Mode, intaneti imezimwa, ili Windows isirudishe draiva ya zamani yenyewe. Kwenye BIOS washa Above 4G Decoding na Re-Size BAR, ili prosesa iifikie VRAM yote kwa pamoja. Hiyo inataka CSM (hali ya kuwasha kompyuta kwa njia ya zamani) izimwe, na CSM ikizimwa Windows iliyo kwenye diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski) haiwaki. Kwa hiyo anza na amri `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikipita, hifadhi nakala ya mafaili, geuza diski iwe GPT (mpangilio mpya), ndipo urudi kuzima CSM.

Wati 550 zinatosha kama ni za kweli. Soma kibandiko cha pembeni: laini ya volti 12 iwe na ampia 38 au zaidi. Kadi ya pini 8 ipewe waya wake kutoka pawasaplai, usitumie adapta ya Molex (plagi ya zamani ya pini 4), huwa zinayeyuka. Pima pia urefu wa kadi dhidi ya kasha, feni ya mbele ikiwemo.