MREJESHO: Mama na upasuaji wa matundu

Wakuu, miezi miwili iliyopita niliwauliza kama mama, mwenye saratani ya utumbo mpana, apasuliwe kwa matundu na kamera au afunguliwe tumbo kama zamani. Tulichagua matundu. Siku ya pili alikwenda msalani mwenyewe, ya tano tukawa nyumbani.

Kilichomtesa si kidonda, ni bega! Kumbe gesi ya kaboni dioksidi wanayojaza tumboni ili kamera ione hukera kiwambo cha kupumulia (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), maumivu yakasikika begani. Hakuna aliyetudokeza, usiku kucha tukadhani ni moyo.

Mlionitisha kwamba matundu huacha mabaki ya saratani: kwa utumbo mpana, utafiti wa mwaka 2004 wenye wagonjwa 872 haukuona tofauti ya saratani kurudi kati ya njia hizo mbili. Ila dada uliyesema shangazi yako ana saratani ya shingo ya kizazi, usituige. Huko mambo ni kinyume. Utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa baada ya miaka minne na nusu, waliopasuliwa kwa matundu na kubaki bila ugonjwa walikuwa asilimia 86, waliofunguliwa tumbo 96.5. Mwulizeni daktari wake swali hilo waziwazi.

Majibu ya maabara yametoka: tezi za limfu (vituo vidogo vya kinga ya mwili) 16 zimekaguliwa, mbili zina saratani. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, inaanza Jumatatu. Mama mwenyewe anachouliza ni lini ataruhusiwa pilipili.