Storeji "isiyozimika" imetufia usiku mmoja, na muuzaji anasema ilikuwa hewani asilimia 100

Wakuu, sijalala tangu juzi, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Tuna storeji (mtambo wa kuhifadhi data) ya flashi pekee, yaani chipu, hakuna diski ya kuzunguka. Diski 24, kontrola mbili (ndizo zinazoendesha mtambo na kujibu seva), pawa saplai mbili, RAID 6 (mpangilio wa kutawanya data ili diski ikifa data ibaki), na diski mbili za akiba ndani yake. Siku ya kutuuzia, jamaa alichomoa kontrola moja mbele ya mabosi na databesi haikutikisika. Makofi. Akamaliza dakika ishirini nzima kutueleza kapasita (vihifadhi umeme vidogo) zilizomo kwenye kila diski, kwamba hata umeme ukikatika ghafla, kilichoko kwenye kumbukumbu ya muda kinaandikwa kwanza ndipo diski inazima. Yote kweli. Hakuna hata kimoja kilichotusaidia.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa tisa na dakika kumi, ujumbe unaingia: diski 0 imekufa. Sawa, diski hufa. Ya akiba ikashika nafasi, mfumo ukaanza kujijenga upya. Muda kidogo, diski 1. Nikakaa kitandani. Ilipofuata diski 2 nilikuwa natafuta funguo za gari gizani. Nafika chumba cha seva, taa za njano zinawaka moja baada ya nyingine, kushoto kwenda kulia, kama kuna mtu anapita anaziwasha. Ndipo nikakumbuka: siku ya kufunga mtambo, kasha likiwa tayari na umeme, fundi wao alizichomeka moja moja, kushoto kwenda kulia. Zimekufa kwa foleni ileile!

RAID 6 inavumilia diski mbili. Ya tatu ikianguka kabla ujenzi haujaisha, kwisha habari. Na hizo za akiba? Zilikuwa zinakula umeme tangu siku ileile, zinahesabu saa zilezile. Kulipokucha nazo zikawa zimekwenda.

Napiga simu, swali la kwanza: "Mlisasisha femwea?" Yaani ile programu iliyo ndani ya diski yenyewe. Kumbe kuna hitilafu: diski ikifikisha idadi fulani ya saa za kuwaka, femwea inajifunga na diski haionekani tena. Flashi yenyewe nzima kabisa, ripoti ya mwisho ilisema imechakaa asilimia 6. Wao wanajua tangu miezi minne iliyopita. Tangazo waliliweka ndani ya ukurasa wa wateja, na barua pepe ikaenda kwa bosi wetu aliyekwishastaafu. Wa kupiga simu hakuna. Ila ya kukumbusha malipo ya mkataba wanapiga, tena mara mbili.

Na wasiniambie ni ajali isiyotabirika. Novemba 2019 kampuni ya HPE (muuzaji wetu ni mwingine, simtaji) ilitangaza hadharani kwamba baadhi ya diski zake za flashi (SSD) za aina ya SAS zitakufa zikifikisha saa 32,768, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data haitarudi. Mtu wa programu akiiona namba hiyo anajua papo hapo: ni 2 kwa kipeo cha 15, kihesabio cha saa kimejaa, hakina nafasi ya namba kubwa zaidi. Dunia nzima ya storeji iliisikia habari ile. Hata Patterson, Gibson na Katz, walioandika makala ya RAID mwaka 1988, walisema wazi kwamba hesabu yao inachukulia kila diski inakufa kivyake. Sasa wewe unanipa diski 24 za toleo moja, femwea moja, zimewashwa siku moja, halafu unaniuzia hesabu ya vifo visivyohusiana?

Snapshoti (nakala za hali ya data ilivyokuwa wakati fulani) tulikuwa nazo, kila saa. Ziko wapi? Kwenye diski zilezile. Na kwa kuwa mfumo huhifadhi kipande kinachojirudia mara moja tu, kikipotea kimepotea kwa mafaili yote yanayokitumia, hata wazo la kuokoa vipande vipande fundi alilicheka.

Kilichotuokoa ni seva kuukuu ya bakapu, ya diski za kuzunguka, ambayo muuzaji huyuhuyu alituambia tuitupe kwa sababu "snapshoti zinatosha". Ilikuwa na nakala ya Alhamisi usiku. Kazi ya Ijumaa yote inaandikwa upya kwa mkono hivi ninavyoandika.

Lakini kilichonileta hapa ni ripoti yao. Mkataba unaahidi tisa sita, yaani kuwa hewani asilimia 99.9999 ya muda, ambayo ni kama sekunde 32 za kukatika kwa mwaka. Wameandika: muda wa kukatika, sifuri. Kwa nini? Kontrola zote mbili zilikuwa zinajibu! Zinajibu nini sasa, wakati nyuma yake hakuna kitu? Mahali popote kwenye mkataba pameandikwa kufikika, hapana palipoandikwa kwamba data itakuwepo. Nimeusoma mara tatu.

Diski mbadala zimefika leo asubuhi. Nimefungua boksi, nikageuza ya kwanza nisome lebo. Femwea ni ileile.

Boksi nimelifunga tena. Liko mapokezi, waje walichukue.