Ushauri: nataka kuagiza mtandaoni nakala ya gobore la kale kwa kumbukumbu ya babu. Nipo Nachingwea

MjukuuWaMsakaji

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatuma pesa, maana muuzaji amenipa mpaka Ijumaa.

Nipo Nachingwea mjini, ila kwetu hasa ni kijijini, upande wa kuelekea Liwale. Babu yetu alikuwa na gobore. Alilimiliki kihalali; karatasi zake alizifunga kwenye mfuko wa nailoni akazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hakuruhusu mtu mwingine kulifungua kopo lile. Kwa gobore hilo alilinda mashamba ya ukoo mzima, nguruwe pori na ngedere walimjua. Wajukuu tisa tumesoma kwa ufuta na korosho za mashamba yale. Alipofariki mwaka juzi, baba na baba mdogo walilipeleka polisi, wakapewa stakabadhi. Hatulidai, na tunajua ilibidi iwe hivyo. Ila sebuleni kwa bibi imebaki misumari miwili mitupu ukutani, na kila nikienda namkuta ameikalia mbele.

Mwezi wa nane tunamsomea hitima, ukoo wote utakuwepo. Nilitaka siku hiyo misumari ile isiwe mitupu.

Nimepata duka la nje linalouza nakala za bunduki za kale. Picha zinavutia: kitako cha mti wa jozi, mtutu mrefu, mapambo ya shaba. Jumla dola 850 pamoja na usafiri, yaani zaidi ya milioni mbili za kwetu. Kwenye tovuti wameandika kwamba haihitaji leseni kwa kuwa ni ya mtindo wa kale. Nilipomwambia nipo Tanzania akajibu nisijali, kwenye karatasi za mzigo atajaza kuwa ni "pambo la ukutani". Jibu hilo limeninyima usingizi.

Je, kwa sheria zetu kitu hiki ni silaha? Na kama njia hii siyo, nifanyeje?

Wa Chikongola

Usitume hata senti. Subiri wanaojua waje, lakini usitume.

WakalaBandariMtwara

Mkuu, pole na msiba hata kama ni wa siku nyingi. Kazi yangu ni kutoa mizigo, kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Kwenye kitabu cha ushuru cha Afrika Mashariki silaha zina sura yake, sura ya 93. Ndani yake kifungu 9303 kinazitaja waziwazi bunduki za kushindilia mdomoni, yaani magobore. Watu hudhani kitu cha baruti na mdeki, ule ufito wa kushindilia, ni cha zamani mno, hakuna atakayekijali. Kimeandikwa, tena kwa jina. Na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inaweka silaha za sura hiyo kwenye orodha ya bidhaa zinazozuiliwa kuingia mpaka uwe na kibali.

Sasa neno "kale". Vitu vya kale navyo vina kifungu chake, 9706, lakini sharti ni kiwe kimepita miaka 100. Bunduki iliyotoka kiwandani mwaka jana, hata ikifanana vipi na ya mwaka 1750, ina umri wa mwaka mmoja. Nakala haiwi kitu cha kale kwa kufanana.

Lililonitisha zaidi ni hilo la "pambo la ukutani". Mzigo ukifunguliwa, na utafunguliwa kwa sababu mashine inaonyesha mtutu, jina la mwagizaji ni lako na TIN, namba ya mlipakodi, ni yako. Yeye yuko kwake na dola zake. Tamko la uongo forodhani ni kosa peke yake, kabla hata hatujafika kwenye silaha. Muuzaji anayekuambia atadanganya kwa niaba yako, mimi simwamini hata kama bidhaa ni halali.

MtotoWaLindiUghaibuni

Salaam kutoka Marekani. Wakala amesema vizuri, mimi niongeze kwa nini tovuti imeandika vile, maana huenda hawakudanganya kwa wateja wao wa huku.

Huku kuna sheria ya silaha ya mwaka 1968. Inasema silaha ya kale ni ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na nakala zake zisizotumia risasi za kisasa zinaingizwa kundi hilohilo. Ndiyo maana kwa sheria ya taifa mtu anaweza kuletewa bunduki ya kushindilia nyumbani kwa posta, ingawa majimbo mengine yana masharti yao. Ruhusa hiyo inaishia mpakani. Hapo Nachingwea haikusaidii chochote.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: nakala ziko za aina mbili. Kuna zinazofyatua kweli; nyingi zinatoka Italia, mji wa Gardone Val Trompia, kwa watengenezaji kama Pedersoli na Uberti. Hizo ni bunduki kamili, ukitia baruti zinaua. Halafu kuna za maonyesho tu, kama za Denix wa Uhispania, zimeundwa kwa aloi ya zinki na haziwezi kufyatua tangu kiwandani. Kwa bei ya dola 850 hiyo ya kwako naihofia ni ya kundi la kwanza.

Naomba nikuulize: gobore la babu lilikuwa la gumegume au la fataki? Yaani kinyundo kilishika jiwe, au kiligonga chuchu yenye fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa?

MjukuuWaMsakaji

Ahsanteni sana. Kaka wa Marekani, ya kwenye tovuti ina jiwe, wameiita Brown Bess. La babu sikumbuki vizuri, tulikuwa haturuhusiwi kulisogelea. Nitampigia shangazi usiku huu, yeye ndiye alikuwa anatumwa kulileta.

MwalimuMstaafuNewala

Mwanangu, kabla shangazi hajajibu, ngoja nikueleze hiyo Brown Bess ni nini. Ni bunduki ya askari wa miguu wa Uingereza, walianza kuitumia miaka ya 1720 na kitu. Karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya, zile kuukuu ziliuzwa Afrika, na huku pwani zilipitia sana Unguja. Kwa hiyo mababu wengine waliwahi kuzishika bunduki za namna hiyo. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels wakazuia silaha za kisasa zisiingie huku kwetu, ila za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu wakaziachia njia. Walitaka Mwafrika abaki na silaha ya nyuma kwa hatua moja. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 kule Nandete, Umatumbi, na boma la Liwale lilipotekwa mwaka huohuo, wazee wetu walikwenda na mikuki, mishale na magobore mbele ya bunduki za Wajerumani.

Nimeyasema haya kwa sababu moja. Magobore ya wawindaji wa vijijini kwetu, mengi yalipita mikononi mwa wahunzi wa hapahapa: mtutu wa huku, kitako cha kule, mtambo uliofungwa kwa ngozi ya mnyama. Kila moja lina sura yake. Ukitundika ya Kiingereza inayong'aa, baada ya miaka ishirini watoto wataambiwa "hii ndiyo ya babu", na haitakuwa kweli. Mimi jambo hilo lingeniuma kuliko hiyo milioni mbili.

KijanaRuangwa

Mwalimu nakuheshimu, ila mfiwa anataka kitu cha kumtuliza bibi, hajaomba somo. Si aagize hiyo ya Uhispania isiyofyatua? Ni kama mwanasesere tu.

WakalaBandariMtwara

Ruangwa, inawezekana, lakini si kama kuagiza simu. Afisa wa kaunta haoni aloi ya zinki, anaona bunduki. Atazuia mzigo mpaka polisi waje waukague, na siku zote hizo gharama za ghala zinahesabika. Nimeona mtu akiacha mzigo kwa sababu ghala limezidi thamani yake. Anayetaka njia hiyo aanze na barua ya polisi mkononi, ndipo aagize. Siyo kinyume chake.

AskariMstaafu

Nimevua gwanda, nasema kama mzee wenu. Sheria tuliyonayo ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore ni silaha. Nimeshakaa na vijana mahabusu waliodhani gobore la marehemu ni urithi kama panga au jembe. Familia hii ilifanya jambo sahihi, na mwaka 2023 Serikali ilipotoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari wengine nao walipata nafasi ya kutulia.

Kijana, achana na muuzaji huyo. Kisha andika barua fupi, ipitie kwa mtendaji wa kijiji, ifike kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Eleza kwamba mnataka kuweka mfano wa gobore usiofyatua, kwa kumbukumbu, ndani ya nyumba. Ambatisha nakala ya ile stakabadhi. Ukijibiwa, jibu hilo litunzwe pamoja na mfano wenyewe. Hata ukiwa wa mti uandike, usiseme mti hauna neno. Usiku, kwa umbali, mti una umbo la bunduki. Ukisafirisha uufunge kwenye gunia, usiupakate kwenye bodaboda. Na watoto wasitoke nao nje.

DadaWaMikindani

Nathibitisha hilo la mzee. Kikundi chetu cha maigizo kilisimamishwa njiani kwa bunduki za mbao tulizozipaka rangi nyeusi. Tulikaa kituoni kuanzia asubuhi mpaka alasiri, onyesho likatupita. Hawakutuonea, wananchi walikuwa wamepiga simu kwamba kuna watu wenye silaha kwenye gari. Tangu hapo tunabeba barua na mbao hatuzipaki rangi.

FundiMtiMasasi

Shikamooni wazee. Mimi nachonga, nimejifunza kwa baba, naye kwa baba yake. Gobore la mti naweza. Kitako nitatoa kwenye mninga, una rangi nzuri na haupindi ukishakauka. Mtutu pia nachonga kwa mti, kipande kigumu, bila tundu ndani. Wengine watakushauri utie bomba la chuma lionekane halisi. Mimi sitii. Nikitia chuma nimeanza kutengeneza kitu kingine, na sitaki.

Ninachohitaji ni picha na kipimo. Kama mna picha ya babu amelishika mbele ya mlango, na mlango bado upo, nipimieni mlango. Urefu nitaupata hapo. Kazi ni wiki tatu, bei laki mbili; nusu yake utanipa ukishauona na kuukubali.

MjukuuWaMsakaji

Wakuu, nimeongea na shangazi. Niliuliza swali moja la jiwe au fataki, akanisimulia saa nzima.

Lilikuwa la fataki. Kinyundo kililegea, babu akakifunga kwa waya. Kitako kilipasuka mwaka ambao baba alizaliwa, kikavalishwa ngozi mbichi ya paa ikakaukia humohumo. Mwalimu, ni kama ulikuwepo. Ile ya tovutini haifanani nalo hata kidogo, na nusura ningeitundika mbele ya mtu aliyelifuta vumbi miaka hamsini.

Halafu shangazi akaniambia jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka. Siku wanalipeleka polisi, mdeki haukuwepo kwenye bunduki. Babu alikuwa na tabia ya kuuchomeka kwenye mapaa ya jikoni. Leo asubuhi baba mdogo amepanda ngazi, ameukuta. Una masizi, umepinda kidogo mwishoni.

Mzee AskariMstaafu, shikamoo. Je, mdeki peke yake tunaweza kubaki nao?

AskariMstaafu

Marahaba. Msiufiche na msiutupe. Siku ya kupeleka barua mwende nao, mweleze kama ulivyotueleza hapa, na wao ndio waseme. Uandike ndani ya barua hiyohiyo.

MjukuuWaMsakaji

Tutafanya hivyo Jumatatu, baba mdogo na mimi. Muuzaji nimeshamwandikia kwamba siendelei. Bibi sijamwambia kitu bado kuhusu mfano wa mti, ila mdeki ameuona. Aliuomba, akaufuta masizi kwa kanga yake, akaurudisha kwa baba mdogo mwenyewe.

Fundi, picha ipo. Babu amesimama mlangoni, na mlango ni uleule. Naupima kesho nikutumie.

FundiMtiMasasi

Pima na kizingiti. Na mwulize bibi ile ngozi ilikuwa imeshonwa upande gani.