Naomba ushauri: akili hutoroka ninapovaa asubuhi

Ndugu wanakikundi, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, na huamka saa 11 alfajiri. Ninapotawadha akili hutulia, kwa kuwa kila kiungo kina zamu yake. Lakini nikishaswali na kuanza kujipaka mafuta, kuchana nywele na kuvaa, mawazo hukimbilia madaftari ya kusahihisha, hata juzi nilifika shuleni na blauzi niliyoigeuza ndani nje (wanafunzi waliona kabla yangu).

Nimejaribu kupiga pasi tangu usiku na kuiacha simu sebuleni. Haraka imepungua, utulivu haujaja. Nimejaribu pia kufuatilia pumzi, kama yanavyoelekeza mafunzo ya kuiweka akili kwenye jambo unalolifanya sasa (mindfulness) aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, lakini mikono ikishafika kwenye vifungo pumzi naisahau.

Je, nianze na tendo moja tu, mathalani kujipaka mafuta, au niubadilishe utaratibu wote kwa pamoja? Na ninyi wenye dakika 20 tu za kujiandaa, mawazo yakipotea mnayarudisha kwa njia gani?

Natanguliza shukrani.