Tupeane uzoefu: umewahi kujaribu kumzuia mtu wako asiache dini? Ilikuwaje?

Mzee wa Kihesa

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzee wa kanisa, mwaka wa kumi na moja sasa. Kijana wangu wa pili yuko chuo mwaka wa tatu. Desemba alikuja likizo, tukakaa mezani, mama yake akamwambia atuombee chakula, kazi aliyokuwa nayo tangu darasa la pili. Akaweka kijiko chini taratibu, akasema, "Mama, aombe mwingine. Mimi siku hizi siamini." Mama yake alikuwa ameshika upawa, mchuzi ukawa unadondoka kwenye kitambaa cha meza na hakuna aliyenyanyuka kufuta.

Nikamwita mchungaji, akaja na wazee wawili, kijana akawekwa kati sebuleni kuanzia saa kumi mpaka magharibi. Hakubishana. Ni "sawa", "nimeelewa", "asante mchungaji". Wageni walipoondoka akasema bado yuko palepale. Nikamwambia basi ile elfu hamsini yake ya matumizi haitoki mpaka nimwone ibadani. Jumapili iliyofuata alifika kwenye benchi kabla yangu. Aliimba besi nyimbo zote bila kufungua kitabu. Nilifurahi mpaka njiani tukirudi, mdogo wake aliponiuliza: "Baba, kwa hiyo kaka unamlipa?"

Tangu hapo usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Kanisani imeundwa kamati ya "kukabiliana na wimbi la wasioamini", na mimi nimo. Ndiyo maana nauliza: sisi waumini tunaweza kulizuia hili? Na kama tunaweza, inafaa tulizuie? Mistari msinipe, ninayo. Nataka yaliyowakuta nyinyi na watu wenu.

Kiti cha Nyuma

Nimetandika mkeka hapa, mkuu. Huyo mdogo mtu mpeleke akasomee sheria.

Mjukuu wa Kangundo

Shikamoo mzee. Niko Nairobi, na niseme mapema kwamba mimi ni wa upande wa kijana wako.

Huku kwetu walijaribu kuzuia kwa karatasi. Februari 2016 chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa rasmi. Kufika Aprili usajili ukasimamishwa, kwa sababu viongozi wa dini walilalamika. Mimi sikuwa najua kama kuna chama! Nilikijua kwenye taarifa ya saa moja nikila na mama, naye akabadilisha stesheni haraka, nikajua basi hapo pana kitu. Halafu 2021 katibu wa chama hichohicho akajiuzulu, akisema amempata Yesu. Msajili hakuhusika.

Wanaopenda hesabu: sensa ya 2009 ilipata Wakenya 922,128 wasio na dini, ya 2019 ikapata 755,750. Ukiishia hapo utasema kamati zinafanya kazi. Lakini mimi 2019 nilihesabiwa Mkatoliki. Karani alikuja nikiwa kazini, mama akajibu kwa niaba ya nyumba nzima, mpaka mpangaji wetu Mwislamu ilibidi aombe arekebishiwe.

Kilichonitoa mimi si kitabu. Mama alikuwa akienda kisirisiri kwa mchungaji mmoja wa maombi ya Jumatano. Huyo akamwambia apande mbegu ili mguu wa dada yangu upone. Mama akauza ng'ombe wa maziwa. Dada bado anachechemea, na miaka miwili tulikunywa strungi. Nilingoja mtu yeyote wa dini, kanisa lolote, aseme huo ni wizi. Hakuna. Mpaka ule msitu wa Shakahola, walikozikwa waumini walioambiwa na mchungaji wao wafunge hadi kufa, ulipoanza kufukuliwa 2023, miili zaidi ya 400, ndipo nikasikia maaskofu wakipaza sauti. Kwangu walikuwa wamechelewa.

Bi Shangani

Assalaam alaykum.

Tukiwa wadogo chuoni, yaani madrasa, kaka yangu aliuliza: kama kila kitu kimeumbwa, Mungu kaumbwa na nani? Alichapwa bakora tatu za mgongo, akaambiwa amekufuru. Mimi nilikuwa na suala hilohilo mdomoni. Nikalimeza.

Nishakuwa mtu mzima nikaanza kuhudhuria darsa la wanawake baada ya alasiri, kwa mwalimu mmoja wa kike. Siku moja wenzangu walipokwisha kuondoka nikamuuliza kwa kunong'ona. Alicheka. Akanambia Masahaba nao walimwendea Mtume wakasema wanayaona nafsini mwao mambo wanayoogopa hata kuyatamka, naye akawajibu kuwa hiyo ndiyo imani ya dhahiri. Kisha akanihadithia Imamu Ghazali: mwalimu mkubwa wa Baghdad, na mwaka 1095 akaacha kazi na heshima yake yote kwa msukosuko wa moyo, mpaka ulimi ulikuwa unamgomea kufundisha. Nikakaa palepale kwenye jamvi nikalia. Miaka yote ile nimebeba kitu nikidhani ni changu peke yangu.

Kaka yangu hakumpata mwalimu yule. Sasa Ramadhani anakuja kufuturu kwa mama, ananawa, anasema Bismillahi, anatia tende mdomoni. Mimi tu ndiye ninayejua kuwa mchana alikula. Mama anafurahi. Mzee wangu, kamati yenu inataka kuzuia nini hasa: mtu asiache kuamini, au asiseme?

Msema Kweli 77

Mnalea ujinga. Anayekula kwako anafuata sheria zako. Wangu alianza huo upuuzi nikamtoa nyumbani, mwezi haukuisha akarudi mwenyewe kuomba msamaha.

Kiti cha Nyuma

Alirudi kwa Mungu au kwa wali, mkuu?

Babu Isanga

Vijana, nilikuwa mwanafunzi Moscow kuanzia 1983 mpaka 1989. Ngojeni niwape ya huko, maana kule mambo yalikuwa kinyumenyume: ni wasioamini waliokuwa na kamati.

Si mbali na Kremlin palikuwa na bwawa la kuogelea la wazi, la mviringo, kubwa ajabu, maji yanapashwa moto hata theluji ikiwa inaanguka. Tuliogelea Januari! Mvuke umetanda, mwenzako akiwa hatua tatu mbele humwoni, na nywele zinaganda kichwani. Mwaka mzima nilikuwa naoga pale bila kujua kwamba palikuwa mahali pa kanisa kuu, lililolipuliwa mwaka 1931. Aliyeniambia ni bibi mmoja mfagiaji wa bweni letu. Aliuegemea mlango kwanza usifunguke, akaninong'oneza, kisha akajigusa kipaji, tumbo na mabega, chapuchapu kama anayefukuza nzi.

Bibi yule alisoma na kuzeeka chini ya dola iliyofundisha watoto kwamba hakuna Mungu. Walikuwa na jumuiya nzima ya kupiga vita dini, iliundwa 1925. Walikuwa na shule, redio, na jela juu yake. Albania walizidisha: 1967 walifunga misikiti na makanisa yote, nchi ikatangazwa haina dini, na 1990 watu wakarudi hadharani kusali. Lile kanisa la Moscow limejengwa upya palepale penye bwawa, likawekwa wakfu mwaka 2000.

Sasa dola yenye vifaru ilishindwa kumtoa imani mfagiaji mmoja. Nyie kamati yenu mtamtia imani kijana kwa nini? Daftari la mahudhurio?

Mama Wawili

Mimi niko Leicester. Huku hakuna aliyezuia wala aliyepigana. Sensa ya 2011 ya Uingereza na Wales ilikuta Wakristo asilimia 59.3, ya 2021 ikawakuta 46.2, wasio na dini wakatoka 25.2 mpaka 37.2. Kanisa la kona ya mtaa wetu sasa ni duka la mazulia. Wanangu hawajasoma kitabu chochote cha kumpinga Mungu. Mechi zao zilihamia Jumapili asubuhi, na mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku. Ndivyo ilivyokwenda, basi.

Jina Kapuni

Nimejisajili kwa ajili ya uzi huu tu. Nina miaka 38, siamini tangu nina 24, na ni mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo hapa Dar. Msicheke. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye kiti cha plastiki uani kwa mtu, nakusanya michango, nasoma somo nikipangiwa. Wanasema nasoma vizuri.

Kuna mzee mtaani kwetu alifariki, jina lake halikuwemo kwenye daftari la jumuiya. Familia ilihangaika siku mbili kutafuta wa kuongoza ibada ya mazishi. Mke wangu hakuniambia neno, alinitazama tu. Jumamosi iliyofuata nikaenda. Kwa hiyo kwenye hesabu zenu mimi ni muumini aliyeokolewa asipotee.

Mzee wa Kihesa

Wakuu, nimerudi, samahani kwa kimya cha miezi. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili.

Bi Shangani, swali lako nililipeleka kwenye kamati kama lilivyo. Mwenyekiti akasema twende kwenye ajenda inayofuata. Nimeandika barua ya kujitoa. Uzee wa kanisa bado ninao.

Kijana nilimrushia hela bila sharti. Pasaka akaja nyumbani, ibadani hakuja. Jioni tunachoma mahindi nje, akaniuliza, "Baba, wewe hujawahi kuwa na shaka?" Nikamweleza habari ya mwaka 1998, tulipomzika dada yao wa kwanza, ambaye wao hawakumkuta: kwamba kwa miezi minane niliongoza sala za watu huku ndani hamna kitu, nikifungua mdomo tu kwa mazoea. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Hata yeye nilikuwa sijamwambia. Akavuta kigoda, akakaa nasi. Mahindi yaliungua yote.

Kiti cha Nyuma

Na ile elfu hamsini bado unatuma?

Mzee wa Kihesa

Natuma. Ameshaipandisha, sasa ni sabini.