Tumechoka na binti muasi asiyeasi chochote

Jamani, hebu tuambizane ukweli. Sura za hadithi za distopia (dola kandamizi ya kubuni) mnazobandika humu kundini zimekuwa nakala ya nakala. Binti wa miaka 17, nywele timtim, hana rafiki, anamtukana askari ukurasa wa pili, na askari anamwacha aende zake. Kisa? Mwandishi anamhitaji sura ya tatu. Dola gani hiyo, inatukanwa mchana kweupe nayo kimya? Msomaji asipoiogopa dola, ujasiri wa binti haufai hata ndururu.

Mdomo mchafu si uasi. Anayeasi kweli ni mtu aliyetii miaka, anayejua kila kanuni kwa kuwa ameifuata. Mwonyesheni akitii kwanza, mara mbili tatu, kwa kinyongo au hata kwa bidii, ndipo akatae.

Chukueni mgao wa maji. Mombasa hakuna wa kufunzwa habari za mitungi. Tuseme kila mtu ana kadi moja, mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, karani anagonga mhuri pale bombani. Nyumba ina watu wanne. Bibi anafariki usiku. Kifo kikitangazwa kadi inarudishwa, na mtungi umekwenda. Binti anaamua kunyamaza. Basi! Uasi ndio huo, wala hajapaza sauti. Sasa tazameni unavyojizalia wenyewe: kulia hawezi, hitima hawezi kuitisha, maiti ataoshwa kwa maji yale yale ya mgao (kuna atakayesema tayamamu, yaani udongo badala ya maji, vizuri, mama yake akatae, mpate ugomvi wa ndani ya nyumba). Kuzika ni usiku, jeneza lataka wabebaji, na kila mbebaji ni mtu mmoja zaidi wa kuweka siri. Asubuhi yuko foleni na kadi za nyumba, karani anagonga ya kwanza, ya pili, kwenye ya bibi anasita: "Bibi hajambo? Simwoni siku hizi." Wengi wenu hapo mngeleta helikopta.

Na ndiyo, anaiba. Lita 20 zile ni haki ya mtu mwingine aliye nyuma yake foleni. Hilo mnalikimbia, mnamtaka awe malaika, matokeo yake hana uzito. Katniss wa Suzanne Collins, katika riwaya ya The Hunger Games ya 2008, hakujitolea kuingia mchezo wa kuuana kwa ajili ya taifa, alijitolea kumwokoa mdogo wake. Shabaha yake ya upinde aliipata kwa kuwinda kinyume cha sheria, baba keshakufa na nyumbani hakuna chakula. Nyinyi mmeiga upinde, njaa mkaiacha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunakwenda kuazima mbali na Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewapinga wakoloni Waingereza, yuko hapa hapa pwani. Mwaka 1913 alizunguka kwa Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya msiba, watu wakakusanyika, wakala viapo kukataa kodi na vijana wao kuchukuliwa kazi. Chombo chake kilikuwa ngoma ambayo kila mtu alikwisha kuijua. Muasi hutumia kilichopo. Oktoba akakamatwa, akahamishiwa Kisii, Januari 1914 akatoroka, akarudi. Na bei? Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Pigo likawaangukia waliomfuata. Katika sura zenu anayeumia ni nani? Mbwa wa jirani.

Mandhari nayo, wallahi. Theluji na treni za chini ya ardhi, mwandishi yuko Kisauni! Unakaa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kinachotokwa kwa daraja la Nyali, njia ya Makupa na feri ya Likoni, unatafuta mji wa kufungiwa watu wapi tena? Weka kizuizi kila njia, halafu utafute tundu: wavuvi, mikoko, kupwa kwa maji. Ila tundu lionekane mapema, kabla binti hajalihitaji, la sivyo msomaji atajua umemchomolea mfukoni.

Wapenzi wawili wanaomgombania: kama wote wawili wakiondolewa hadithi haitikisiki, waondoeni leo. Hotuba jukwaani vivyo hivyo.

Adui mkuu msimfanye punguani anayecheka peke yake. Karani yule wa mhuri anatosha, mwenye adabu, anayemjua bibi kwa jina, na ambaye mtungi wa nyumbani kwake unategemea hesabu isipungue. Huyo ukimpa nusu ukurasa wa kueleza kwa nini mgao ni wa haki, na akasikika ana hoja, binti atalazimika kufikiri na si kubisha tu.

Halafu mwisho. Rais anapigwa risasi, umati unashangilia, tamati. Kadi bado zimo mifukoni mwa watu, mhuri bado uko mezani. Kesho yake alfajiri nani anafungua bomba, na nani anasimama wa kwanza kwenye foleni? Sura hiyo ndiyo ninayoitaka, na hakuna aliyeiandika humu.