Jibu: Kaka aliyesimamishiwa leseni Texas na cheti cha SR-22

Ndugu wapendwa,

Dada yetu aliyeuliza kama kaka yake wa Houston, aliyesimamishiwa leseni ya udereva, anahitaji cheti cha SR-22 ili arudishiwe, ameambiwa kwamba kadi ya bima inatosha na kwamba asiye na gari hahusiki. Majibu yote mawili si sahihi, na yanaweza kumgharimu.

SR-22 si aina ya bima. Ni cheti ambacho kampuni ya bima huwasilisha kwa Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, yaani DPS, kuthibitisha kwamba dereva ana bima inayofikia kiwango cha chini cha kisheria: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Ile kadi tunayoiweka garini haipokelewi badala yake, hata kama bima yenyewe ingali hai. Kama kaka ameshauza gari, amwombe wakala bima ya dereva asiyemiliki gari, ambayo mawakala huiita non-owner. Lakini aulize mapema kuhusu gari la mkewe, kwa kuwa bima hiyo kwa kawaida hailihusishi gari la nyumbani analolitumia kila siku.

Pia atalipa dola 100 za kurudishiwa leseni, na cheti kinatakiwa kudumu miaka 2 tangu tarehe ya hukumu iliyomfanya asimamishiwe leseni.

Hapa ndipo wengi wetu wanapoumia. Bima hulipwa kila mwezi, benki inabadilisha kadi, malipo yanagoma, na kampuni inaiarifu DPS kwamba bima imekatika, hivyo leseni inaweza kusimamishwa tena pamoja na usajili wa gari. Anayetaka kuhamia kampuni yenye bei nafuu asivunje mkataba wa zamani kabla kampuni mpya haijawasilisha cheti chake.

Namsihi kaka asishike usukani kwa sababu tu ameshalipia bima. Kuendesha ukiwa umesimamishiwa leseni ni kosa la jinai Texas, na fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza habari za kukamatwa na kushtakiwa. Aingie kwanza kwenye tovuti ya DPS, ahakikishe kwamba cheti kimepokelewa na leseni yake imerejeshwa, ndipo aendeshe.